Eneo la wazi lisiishie kwenye "mchakato": mwongozo kamili wa kuidai bustani ya umma mtaani kwako

Kiwanja chenyewe mnakijua. Kiko nyuma ya zahanati au ubavuni mwa shule, kina mwarobaini mmoja, magoli mawili ya mirunda na kibao chenye kutu kinachosema "ENEO LA WAZI, USITUPE TAKA". Chini ya kibao pana lundo la taka. Kila msimu wa kampeni mgombea anasimama karibu na lundo hilo, analikwepa kidogo lisiingie kwenye picha, anaahidi bustani: viti, mabembea, taa, miti ya kivuli. Uchaguzi unapita. Ukienda ofisini kuuliza, unajibiwa kwa adabu zote kwamba suala liko kwenye mchakato.

Mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, tulikaa kwenye mchakato miaka 6. Mimi si mwanasheria wala mtu wa siasa. Nilikuwa mzazi tu aliyechoka kuona watoto wakicheza kandokando ya njia ya bodaboda. Nilichokuja kugundua ni kwamba hakuna mtu ofisini anayekataa bustani. Nani akatae bustani? Kinachokosekana ni maandishi ya aina nne, yaliyofika kwenye meza husika kwa wakati wake: mchoro, muhtasari wa mkutano, barua na kasma, yaani mstari wa fedha kwenye bajeti. Mwongozo huu unahusu hayo manne na miguu ya kuyapeleka, maana faili halitembei lenyewe.

Nimeuandika kwa taratibu za Tanzania Bara. Walioko Kenya nimewawekea aya yao karibu na mwisho.

Anzia kwenye mchoro

Kabla ya kuitisha mkutano, kabla ya kufungua kundi la WhatsApp, nendeni mkajue eneo limeandikwa nini. Kila eneo lililopangwa lina mchoro wa mipango miji unaoonyesha matumizi ya kila kipande: makazi, biashara, shule, eneo la wazi. Sheria inayosimamia mambo haya ni Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Baada ya mchoro huja ramani ya upimaji, yenye namba za viwanja na mawe ya mipaka, yale mafundi wanayoyaita bikoni. Mchoro unasema eneo ni la nini. Ramani inasema linaanzia wapi na kuishia wapi. Mnahitaji vyote viwili.

Chukueni barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nendeni watu wawili au watatu (kumi mnatisha) kwa Afisa Mipango Miji wa manispaa. Ulizeni maswali manne tu: mchoro una namba gani na uliidhinishwa mwaka gani? Matumizi yaliyoandikwa ni yapi? Kuna ombi lolote la kubadilisha matumizi lililowahi kuletwa? Na eneo lilishapimwa? Andikeni majibu pale pale, na jina na cheo cha aliyewajibu. Kama kuna ada ya nakala, lipeni kwa namba ya malipo ya serikali na mdai risiti. Hela ya mkononi haina kumbukumbu, na shughuli hii nzima ni ya kumbukumbu.

Siku tuliyofika sisi, kijana wa mipango miji alitandaza mchoro mezani, akaushikilia kwa kikombe cha chai upande mmoja na mashine ya kupigia mihuri upande wa pili. Akaweka kidole. Kile tulichokuwa tukikiita "uwanja" kilikuwa viwanja viwili: kimoja kimepakwa kijani, eneo la wazi, cha pili, ndicho chenye mwarobaini, kimeandikwa shule ya awali. Mwaka mzima na nusu tulikuwa tumekusanya saini kuomba bustani kwenye kiwanja cha shule! Mzee mmoja wa kamati yetu alicheka mpaka akakaa chini. Tulirudi nyumbani tukachana fomu zote.

Kama ofisi inawazungusha, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia wa Tanzania ana haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Ombi liwe la maandishi, litaje taarifa yenyewe waziwazi: "nakala ya mchoro unaohusu Kitalu C, na barua yoyote ya maombi ya kubadilisha matumizi ya eneo la wazi lililomo." Ukiandika "taarifa zote kuhusu ardhi ya mtaa wetu" utajibiwa baada ya siku 30 kwamba ombi halieleweki.

Mkishapata ramani, tokeni mkatafute bikoni. Nendeni na wazee waliohamia mapema, futi ya kupimia, jembe, na simu ya kupiga picha. Sisi tulizipata tatu kati ya nne. Ya nne ilikuwa ndani ya uzio wa jirani. Msimvamie mtu wa namna hiyo. Andikeni tu, pigeni picha, mwacheni mpima wa serikali aseme. Mkianza kugombana naye nyinyi, kesho ofisi itakuwa na sababu ya kusema "eneo lina mgogoro", na eneo lenye mgogoro halipewi hata jembe.

Kama mtaa wenu haujapangwa

Wakazi wa Manzese, Tandale au Vingunguti watasema mchoro wa kijani ni habari za watu wa viwanja. Ni kweli kwamba walionunua kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, kule Bunju, Mbweni, Buyuni au Toangoma, waliachiwa maeneo ya umma kwenye karatasi toka mwanzo. Kazi yao ni kuyalinda. Nyinyi kazi yenu ni kulitafuta eneo.

Fursa kubwa ni urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango. Pale kampuni ya upimaji inapokuja kupanga makazi, wakazi hukubaliana kuachia ardhi kwa ajili ya barabara. Ni wakati huo huo wa kuomba kipande cha mapumziko kiandikwe kwenye mchoro, hata kama ni kidogo cha kutosha miti sita na viti vinne. Mchoro ukishaidhinishwa bila kipande hicho, mtakuja kukidai kwa fidia, na fidia ndiyo inayoua miradi.

Ya pili ni kingo za mito na mabonde. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au ufuko. Nyumba haziruhusiwi, lakini nyasi, miti na njia ya miguu vinaweza kukubalika mkipata ridhaa ya wanaosimamia bonde na mazingira. Ya tatu ni uwanja wa shule ya msingi kufunguliwa kwa jamii jioni na wikendi, kwa makubaliano ya maandishi na kamati ya shule. Siyo bustani kamili, lakini mtoto hajui tofauti.

Jihadharini na jibu la "bustani kubwa inakuja". Mpango wa bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, una bustani kubwa ya jiji ndani yake pale Jangwani. Ni habari njema. Ila bibi wa Tabata hatapanda daladala mbili kwenda kukaa kivulini saa kumi jioni. Bustani za mji na bustani za mtaa zina mafungu tofauti. Moja haifuti nyingine.

Zungumzeni na wanaolitumia eneo sasa hivi

Hapa ndipo kamati nyingi hujikwaa, na sisi tulijikwaa vizuri. Eneo la wazi huwa halina mwenyewe lakini halikosi watu. Kuna vijana wa mpira. Kuna mama lishe mwenye jiko lake chini ya mti. Kuna fundi gereji na magari matatu ambayo hayajawahi kuwaka. Kuna msikiti au kanisa linalokwenda pale siku za sikukuu, na kuna mahema ya harusi na misiba. Mkiwaletea mchoro mzuri uliochorwa na mpwa wenu anayesoma usanifu, wote hao wataona kitu kimoja tu: wanafukuzwa.

Vijana wa mpira waoneni kwanza. Ndio wengi, ndio wanaopaza sauti, na ndio watakaovunja viti vikiwekwa katikati ya uwanja wao. Kwetu ilibidi kukaa jioni tatu. Walitaka uwanja wote, akina mama walitaka uwanja wote. Mwisho tulichora kwa fimbo mchangani: goli likasogea hatua 20, viti na mabembea vikaenda upande wenye nyumba nyingi ili watoto waonekane dirishani. Nahodha wao akawa mjumbe wa kamati yetu, na mpaka leo hakosi kikao.

Mama lishe msimwondoe. Angalieni bustani ya Forodhani, Unguja. Ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, kazi iliyofanywa na taasisi ya Aga Khan, wauza urojo, mishikaki na juisi ya miwa waliendelea kuwa ndio roho ya pale usiku. Mtu anayeuza chai toka alfajiri ndiye mlinzi mliyempata bure. Mwandikieni kwenye ombi kwamba atapewa sehemu yake.

Gereji ni suala jingine. Hapo semeni ukweli kwamba magari yatahama, mpeni muda, na uamuzi utoke kwenye mkutano wa mtaa, usitoke kwa mtu mmoja mmoja.

Mkutano mkuu wa mtaa na muhtasari wake

Saini 500 mlizokusanya milangoni zina heshima yake, lakini karatasi yenye nguvu zaidi ofisini ni muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Mtaa. Ndicho kikao kinachotambulika kisheria cha wakazi, na mradi unaoibuliwa pale ndio unaopanda ngazi. Mfumo wa kupanga kwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ule wanaouita O&OD, unasimama juu ya vikao hivi.

Mwombeni mwenyekiti na mtendaji wa mtaa waweke agenda kabla ya tangazo kubandikwa. Isiwe kwenye "mengineyo". Mengineyo hufikiwa saa kumi na mbili na nusu, mbu wameanza na nusu ya watu wameondoka. Mkiikosa akidi, ile idadi ya watu inayotakiwa kikao kiwe halali, mmepoteza miezi. Semeni na mwenyekiti kwa heshima, mwambieni atakuwa yeye ndiye aliyelianzisha jambo. Atalianzisha.

Azimio liandikwe kwa maneno yanayopimika. "Wananchi waliomba bustani" ni sentensi itakayolala. Iandikwe: "Mkutano umeazimia kwamba eneo la wazi lililopo Kitalu C, lenye ukubwa wa mita za mraba kadhaa kwa mujibu wa mchoro namba fulani, liendelezwe kuwa bustani ya umma na uwanja wa michezo, na kwamba uendelezaji huo uwe kipaumbele namba mbili cha mtaa kwa mwaka wa fedha ujao." Kwa nini namba mbili? Kwa sababu namba moja ni mfereji, kituo cha afya au barabara, na mkigombania namba moja mtaonekana hamjui maisha. Namba mbili inatosha. Namba saba haitoshi.

Mkutanoni kwetu walikuwepo waliopinga. Bibi mmoja wa mtaa wa nyuma, kanga yake kaifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kazini, alisimama akauliza: "Wanangu, maji ya kumwagilia hizo nyasi atalipa nani? Mie kisima changu msikiguse." Hatukuwa na jibu. Tuliona haya. Ndipo tukaongeza kwenye azimio letu aya ya matunzo, na aya hiyo ndiyo ambayo baadaye ofisi ya manispaa iliisoma kwa sauti. Mpinzani mwenye swali zuri mwacheni amalize.

Kabla watu hawajatawanyika, hakikisheni orodha ya mahudhurio imesainiwa, na ndani ya wiki mtakuwa na nakala ya muhtasari yenye saini ya mwenyekiti, mtendaji, na mhuri.

Kalenda ya bajeti

Mkinyamazia sehemu hii, mengine yote ni mazoezi ya viungo.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Watu wengi wanaanza kudai mambo mwezi Mei, wakisikia bunge la bajeti redioni. Mwezi Mei ngoma imekwisha. Bajeti ya halmashauri inaandaliwa kati ya mwishoni mwa mwaka na mwanzo wa mwaka: mwongozo wa mpango na bajeti hutoka, idara zinaandika mapendekezo, menejimenti inakata, kamati za madiwani zinapitia, na Baraza la Madiwani linapitisha kwa kawaida kati ya Januari na Februari. Kisha inakwenda mkoani, TAMISEMI (ofisi kuu ya serikali za mitaa) na bungeni, ambako mtaa wenu haumo kwenye mazungumzo.

Kwa hiyo rudini nyuma. Mkutano wa mtaa uwe umefanyika ifikapo Septemba. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani na katibu wake ni mtendaji wa kata, iwe imepokea muhtasari ifikapo Oktoba. Barua iwe kwa mkurugenzi wa manispaa mwanzoni mwa Novemba. Novemba na Desemba ni miezi ya kuonekana: mara moja kwa Afisa Mipango Miji, mara moja kwa Afisa Mipango wa manispaa (hawa ni watu wawili tofauti, msichanganye, wa kwanza ana ramani, wa pili ana bajeti), mara moja kwa mhandisi.

Kasma ni ule mstari wa bajeti wenye namba, maelezo na kiasi. Ombeni uwe wa mapato ya ndani, kwa sababu hayo ndiyo halmashauri inayakusanya na kuyapangia yenyewe. Ruzuku ya serikali kuu huja na masharti yake. Na ombeni awamu ndogo. Bustani kamili yenye chemchemi na mgahawa haipiti. Kurudisha bikoni, kusawazisha, kupanda miti 40, bomba moja na viti kumi inapita, na ikishapita mwaka wa kwanza, mwaka wa pili inaitwa "mradi unaoendelea", neno tamu kuliko yote kwenye ofisi ya mipango.

Barua yenyewe

Barua za serikali zina mwendo wake. Ukiufuata, masjala, ofisi inayopokea barua na kutunza mafaili, wanajua pa kuiweka. Anwani ya mkurugenzi, chini yake "K.K. Mtendaji wa Kata" (yaani kupitia kwake), kisha:

*YAH: OMBI LA KUINGIZA UENDELEZAJI WA ENEO LA WAZI, KITALU C, KWENYE BAJETI YA MWAKA WA FEDHA UJAO*

*Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*2. Mkutano Mkuu wa Mtaa uliofanyika tarehe … na kuhudhuriwa na wakazi … uliazimia eneo tajwa liendelezwe kuwa bustani ya umma (muhtasari na orodha ya mahudhurio vimeambatishwa).*

*3. Eneo hili limetengwa kuwa eneo la wazi katika mchoro Na. … na lina ukubwa wa mita za mraba …*

*4. Kwa mwaka huu tunaomba mambo matatu: (a) mpima arudishe mawe ya mipaka, (b) mhandisi aandae mchanganuo wa gharama wa awamu ya kwanza, (c) kasma itengwe katika mapato ya ndani.*

*5. Wakazi watachangia nguvukazi ya kusafisha na kupanda miti, na wameunda kamati ya matunzo ya watu tisa.*

*6. Tunaomba kujibiwa kwa maandishi kabla ya tarehe …*

Aya ya kwanza haipewi namba, ndiyo desturi. Nakala zipelekwe kwa diwani na Mkuu wa Wilaya. Chapisheni nakala mbili, pelekeni kwa mkono, na msiondoke masjala mpaka nakala yenu igongwe mhuri wa "IMEPOKELEWA" wenye tarehe. Ulizeni namba ya faili. Mtu anayeuliza "naomba kujua faili namba fulani limefika kwa nani" anasikilizwa tofauti na anayeuliza "ile barua yetu vipi?"

Barua yetu ya kwanza haikuwa na mhuri. Tulipofuatilia baada ya wiki tano, haikuwahi kupokelewa. Hatukuwa na cha kuonyesha.

Diwani na vikao vyake

Diwani ni mtu wenu, hata kama hamkumpigia kura. Kila robo mwaka madiwani huwasilisha taarifa za kata zao; mwombeni Mheshimiwa aliweke eneo hilo kwenye taarifa, kwa jina na namba ya mchoro. Kwenye manispaa, kamati inayohusika zaidi ni ya Mipango Miji na Mazingira. Kasma itapitia Kamati ya Fedha. Jueni wajumbe ni akina nani. Diwani wa kata ya jirani mwenye tatizo kama lenu ni rafiki kuliko mheshimiwa yeyote wa juu.

Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza. Nendeni watu 15, mvae vizuri, mkae kimya. Hamruhusiwi kuchangia na msijaribu. Diwani akisimama kuuliza swali huku akijua wapiga kura wake wamekaa nyuma, sauti yake hubadilika. Na kamati isivae rangi ya chama chochote, hata kofia. Siku bustani ikiwa ya kijani na njano au ya bluu, nusu ya mtaa imeondoka.

Mbunge naye ana Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo. Ni mdogo na unagombaniwa, lakini viti na mabembea ni aina ya kitu unachoweza kukilipia.

Majibu mtakayopewa

"Fedha hakuna." Msibishane. Ulizeni mchanganuo wa gharama umeandaliwa? Kama haupo, fedha haiwezi kusemwa haipo kwa kitu ambacho bei yake haijulikani. Ombeni mhandisi aandae. Hilo halihitaji kasma.

"Kuna mwekezaji." Hapa simameni imara. Ulizeni kwa maandishi: uwekezaji gani, matumizi ya eneo yamebadilishwa lini, kwa kikao kipi, na tangazo lilitolewa wapi? Mara nyingi mwekezaji anataka baa yenye bustani jina tu. Mwaka 2011, Anna Tibaijuka akiwa Waziri wa Ardhi, maeneo ya wazi ya Dar es Salaam yaliyovamiwa yalikuwa gumzo la magazeti. Mengi yalianza hivyo hivyo, kibanda kimoja cha "muda", kisha ukuta.

"Liko kwenye mchakato." Jibu la hili ni maswali matatu mafupi, kwa upole: hatua iliyofikiwa ni ipi, faili liko kwa nani, hatua inayofuata ni lini? Andikeni majibu mbele yake. Tarehe ikipita, rudini na daftari hilo hilo.

Mkikwama kabisa, Mkuu wa Wilaya husikiliza kero, na redio za jijini zinapenda habari ya mtaa yenye picha na mchoro. Mkutano wa hadhara au maandamano yanahitaji taarifa kwa polisi saa 48 kabla, na kwa maoni yangu bustani haihitaji maandamano; usafi wa Jumamosi wenye watu 80, mafagio na mwandishi mmoja wa habari unafanya kazi kubwa zaidi na hauhitaji kibali cha mtu. Mahakama iwe ya mwisho kabisa, pale eneo linapouzwa. Kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, kwa hiyo muoneni wakili mapema, kabla tofali la kwanza halijapangwa.

Kwa walioko Kenya

Kalenda yenu iko wazi zaidi kisheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Ushiriki wa umma hufanyika katikati, mara nyingi kwa tangazo la muda mfupi gazetini. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inawapa wakazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Anayedharau barua amkumbuke Wangari Maathai. Mwaka 1989, jengo la ghorofa 60 lilipopangwa ndani ya Uhuru Park, silaha yake ya kwanza ilikuwa barua, ofisi baada ya ofisi, mpaka wafadhili wakajitoa na mradi ukafa.

Kasma ikishapita

Msishangilie sana. Kasma ni ruhusa, siyo hela. Halmashauri isipofikia makusanyo yake, miradi ya bustani ndiyo hukatwa kwanza, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kukosa bembea. Kila robo mwaka ulizeni fedha zilizotolewa ni kiasi gani. Kwetu mwaka wa kwanza ilitoka robo tu. Ikatosha mpima na kusawazisha.

Kazi ikianza, kamati iwe na nakala ya mchanganuo na mtu mmoja wa kwenda eneo la kazi kila siku. Hesabuni viti. Angalieni zege. Fundi wetu alileta miche ya miashoki kwa sababu inapendeza kwenye picha. Tukaikataa, haina kivuli cha kumfaa mtu. Tulipanda miarobaini, mikungu na miembe, na chini tukapandikiza ukoka uliotoka uwanjani hapo hapo. Panda mwanzoni mwa masika, mvua ifanye kazi ya miezi miwili bure. Kila mche upewe nyumba yake ya kuumwagilia, jina la familia liandikwe kwenye kibao kidogo. Mche wenye jina la mtu haukauki kirahisi, mwenyewe ataona aibu.

Kuhusu maji: bomba liwe na mita yake, bili ijulikane ni ya nani kabla halijafunguliwa. Sisi tulikubaliana mama lishe na wauza matunda wawili walipie kila mwezi badala ya ushuru wa eneo, na manispaa ikaridhia kwa barua. Bomba lina kufuli. Ufunguo mmoja uko ofisi ya mtaa. Wa pili anao yule bibi wa kanga, na ole wako umkute amelala mchana.